Mguu Mmoja Sekondari, Mguu Mmoja Chuoni

Tumchukue kijana mmoja wa Marekani aliyemaliza sekondari juzi, ambaye sasa ameketi mbele ya mshauri wa masomo wa chuo kikuu alichojiunga nacho kusomea uhandisi. Mkononi ana hati ya matokeo yenye kozi tano za chuo alizozifaulu akiwa bado darasa la 11 na la 12, kila moja ikiwa na krediti 3, na nyumbani kwao hesabu imekwisha kupigwa: krediti 15 ni muhula mzima, na muhula mzima ni karo ambayo hawatailipa. Mshauri anashuka na orodha, kalamu mkononi. Uandishi wa insha unapita. Utangulizi wa saikolojia unapita pia, kwa kuwa kila mwanafunzi hutakiwa kusoma somo la sayansi ya jamii. Aljebra ya chuo inakwama, maana hisabati ya uhandisi huanzia kwenye kalkulasi na kilicho chini yake huhesabiwa kuwa maandalizi tu. Sosholojia inapokelewa, lakini inatiwa katika fungu la kozi za hiari, fungu ambalo katika ratiba iliyobanana ya uhandisi halina pa kukaa. Upigaji picha unafuata njia hiyohiyo. Krediti 15 zilizoingia mlangoni zimebaki 6 zenye kazi.

Kijana huyo nimemtunga, ila hesabu yake ni ya kila siku. Hakuna aliyemdanganya. Kozi alizisoma kweli, alama alizipata kwa haki, na chuo kilichomsajili mapema kilikuwa na ithibati. Alichokosa ni mtu mmoja, miaka miwili nyuma, wa kumuuliza anataka kusomea nini, kisha kufungua masharti ya shahada hiyo na kumwambia kwamba kozi hii itakufaa na hii itakupendezesha tu. Mtu huyo, awe mwalimu au mshauri, hufanya kazi katikati ya taasisi mbili ambazo mara nyingi hazisemezani, na ndiye nitakayemfuata katika makala haya, kwa sababu ninavyoona mimi, mpango wa kuwaanzisha vijana chuo mapema hauwezi kuwa na nguvu kuliko mtu aliyewekwa pale katikati.

Krediti ndiyo sarafu ya shughuli yote hii, kwa hiyo ni vyema ikaeleweka kwanza. Vyuo vya Marekani huipima shahada kwa krediti kuliko kwa miaka: shahada ya kwanza kwa kawaida huhitaji 120, na shahada ya miaka miwili itolewayo na vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma vya kozi fupi vilivyo karibu na wananchi, huhitaji takriban 60. Krediti 1 hukadiriwa kuwa saa 1 ya darasani kila wiki pamoja na saa 2 za kazi ya peke yako, kwa muhula wa takriban wiki 15, na hivyo kozi ya kawaida ya krediti 3 hudai saa 9 kwa wiki. Namba hiyo ya mwisho husahaulika sana. Mwanafunzi wa sekondari aliyezoea kumwona mwalimu wake wa hisabati kila siku huona darasa la chuo likikutana mara mbili tu kwa wiki, akadhani amepata nafuu, kumbe zile saa 6 zisizo na kengele wala mwalimu ndizo kozi yenyewe.

Njia za kupata krediti kabla ya kuhitimu sekondari ni kadhaa, na nusu ya mkanganyiko hutokana na watu kuziita zote kwa jina moja. Maarufu kuliko zote ni Advanced Placement, mpango unaoendeshwa na College Board, shirika la mitihani, tangu katikati ya miaka ya 1950. Somo hufundishwa shuleni na mwalimu wa shule, kisha mwezi Mei hufanyika mtihani wa nchi nzima unaotolewa alama 1 hadi 5. Chuo kimoja hutoa krediti kwa aliyepata 3, kingine hakisikii chini ya 4 au 5, na kingine humruhusu mwanafunzi kuruka kozi ya kwanza bila kumpa krediti yoyote. Hapa hakuna chuo kilichomsajili mtu. Mwanafunzi akivurunda siku ya mtihani, anaweza kunyamaza na alama yake asiitume popote.

Usajili sambamba ni jambo jingine kabisa, na ndio unaoleta mafundo mengi. Mwanafunzi huandikishwa rasmi chuoni hali bado yuko sekondari, na kozi moja humhesabia pande zote mbili. Anaweza kuifuata kozi chuoni kwa miguu yake, anaweza kuisoma kwa intaneti, au chuo kinaweza kumjia shuleni kwa kumteua mwalimu wa shule hiyo aifundishe kama mhadhiri wake. Mwalimu wa namna hiyo kwa kawaida hutakiwa awe na shahada ya uzamili katika somo lenyewe, au uzamili wa fani nyingine ulioambatana na angalau krediti 18 za uzamili katika somo hilo. Karatasini sharti hilo linaonekana dogo, lakini linaweza kuamua shule ipi ya kijijini itapata kozi ya fizikia na ipi itaikosa, kwa kuwa walimu wengi wenye uzamili wameupata katika elimu, na uzamili wa elimu hauhesabiwi kuwa wa fizikia wala wa historia.

Njia ya tatu ni shule nzima iliyojengwa juu ya wazo hili, ambamo kozi za chuo ni njia ya kila mwanafunzi badala ya kuwa zawadi ya wachache wenye alama za juu. Shule hizo hujulikana kwa jina la Early College, na aliyeifuata njia mpaka mwisho hutoka na cheti cha sekondari pamoja na shahada ya miaka miwili, au sehemu kubwa ya krediti zake.

Wazo la shule za aina hiyo lina wazazi wawili wasiofanana hata kidogo, na bila kuwajua ni vigumu kuelewa kwa nini mipango ya leo huvutana. Kabla yao Robert Maynard Hutchins, alipokuwa akiongoza Chuo Kikuu cha Chicago, alikwisha kuwafungulia mlango vijana waliomaliza darasa la 10, lakini hao waliingia chuo kilekile cha wakubwa zao. Aliyejenga chuo cha vijana peke yao ni Elizabeth Blodgett Hall, mwanamke aliyewahi kuiongoza shule ya wasichana ya Concord Academy huko Massachusetts. Hall aliona kwamba kwa wanafunzi waliokomaa mapema, miaka miwili ya mwisho ya sekondari ni miaka ya kungoja, kwa kuwa mengi wanayofundishwa watafundishwa tena wakifika chuoni. Mwaka 1966 aliwapokea wanafunzi wa kwanza wa Simon's Rock, mjini Great Barrington, chuo kilichowachukua vijana waliomaliza darasa la 10 au la 11 na kuwafundisha moja kwa moja masomo ya shahada. Baadaye, mwaka 1979, kikawa sehemu ya Bard College, chuo binafsi cha jimbo la New York.

Miaka minane baada ya Simon's Rock kufunguliwa, mwalimu mwingine alitumia dawa ileile kwa ugonjwa ulio kinyume chake. Janet Lieberman alikuwa mwanasaikolojia, na alikuwamo miongoni mwa waliokianzisha chuo cha jamii cha LaGuardia, eneo la Queens jijini New York, kilichofungua milango mwaka 1971 katika jengo lililowahi kuwa kiwanda. Mwaka mmoja kabla yake, mfumo wa vyuo vya umma vya jiji hilo ulikuwa umeanza kumpa nafasi kila aliyehitimu sekondari za jiji, na maelfu ya vijana wakaingia wakiwa na cheti mkononi lakini misingi ya kusoma, kuandika na kuhesabu ikiwa imelegea. Jibu la kawaida lilikuwa kuongeza kozi za kufidia, zisizo na krediti. Lieberman alirudi nyuma zaidi ya hapo. Ikiwa mwanafunzi huanza kupotea akiwa darasa la 9 na la 10, chuo kinangoja nini mpaka darasa la 12 liishe, wakati waliopotea kabisa hawatakifikia kamwe?

Ndipo ikazaliwa Middle College High School, sekondari ya umma iliyofunguliwa mwaka 1974 ndani ya chuo cha LaGuardia chenyewe. Waliopokelewa hawakuwa wale waliochoshwa na wepesi wa masomo. Walikuwa vijana ambao shule zao zilikwisha kuwakatia tamaa: watoro, wenye alama za chini, waliokuwa hatarini kuacha shule. Kumpeleka mwanafunzi wa aina hiyo chuoni kulionekana ni kumbebesha gunia la pili aliyeshindwa na la kwanza, na kwa kweli mtu angeweza kulitetea shaka hilo kwa hoja nzuri.

Lieberman aliamini kwamba mahali penyewe pana mafunzo yake. Kijana wa miaka 15 anayekata kona ileile ya ukumbi na mama wa miaka 30 aliyetoka kazini, akamwona amefungua kitabu mezani huku chakula kikipoa pembeni, anajifunza jambo ambalo hotuba ya mwalimu mkuu haiwezi kumpa. Pale hakuna mtoto mkubwa wa darasa la 12 wa kumtisha wala wa kumwiga vibaya, kwa maana machoni pa watu wale wote, yeye na huyo wa darasa la 12 ni wadogo sawasawa. Maktaba ni ya chuo, ukumbi wa mazoezi ni wa chuo, na polepole kijana huanza kutembea kama mtu wa mahali pale. Kwa wengi tabia hubadilika kabla ya alama.

Lakini mahali peke yake pasingetosha, na hapa ndipo wanaoiga wazo hili mara nyingi hukwama, kwa kuwa jengo ni rahisi kuliiga kuliko watu. Shule ilibaki ndogo kwa makusudi. Ushauri uliingizwa katika ratiba, haukuachwa uwe ofisi ya mwisho wa korido inayotembelewa na wenye matatizo, na kila mwanafunzi alipitia mafunzo kazini katika taasisi za jiji, desturi ambayo LaGuardia ilikuwa nayo kwa wanafunzi wake wote. Mwaka 1985 ilifunguliwa hapohapo chuoni shule ya pili, International High School, kwa ajili ya vijana wahamiaji waliokuwa bado wanajifunza Kiingereza, na mwaka huohuo Lieberman akasaidia kuanzisha mpango wa kiangazi uliowapeleka wanafunzi wa chuo cha jamii kusoma Vassar, chuo cha watu wachache chenye jina kubwa. Ukiziweka kazi zake hizi pamoja utaona fundi aliyeshughulika na kitu kimoja tu, yaani viungio: pale sekondari inapokutana na chuo cha jamii, na pale chuo cha jamii kinapokutana na chuo kikuu. Waliowahi kupotea wengi walipotelea hapo.

Basi tuna tiba moja na magonjwa mawili. Kwa Hall, chuo cha mapema ni mlango wa kutokea kwa yule aliyekwisha kuipita shule. Kwa Lieberman ni kamba ya kumvuta yule anayezama. Sera za majimbo zimewachanganya wawili hawa bila kusema, na ukitaka kujua jimbo au shule fulani inamfuata nani, tazama sharti lake la kuingia. Anayedai wastani wa juu wa alama na mtihani wa kupimwa amesimama upande wa Hall. Anayefungua mlango kwa wote amesimama na Lieberman, ila amejitwika na gharama yake, kwa sababu mlango wazi usio na mshauri nyuma yake ni kuwaalika watu wakaanguke.

Kuenea kwa mpango kulitokana na sheria zaidi kuliko falsafa. Minnesota ilitunga sheria mwaka 1985 iliyowaruhusu wanafunzi wa darasa la 11 na la 12 kusoma kozi za chuo huku fedha za jimbo zikiwafuata huko. Jimbo la Washington lilifuata mwaka 1990 kwa mpango wake wa Running Start. Ohio, kwa mpango ulioanza kazi mwaka 2015, inaruhusu hata wanafunzi wa darasa la 7 walio tayari. Kwa upande wa shule kamili, Bard chini ya rais wake Leon Botstein ilishirikiana na jiji la New York kufungua Bard High School Early College mwaka 2001, ambapo miaka miwili ya sekondari hufuatwa na miwili ya chuo, na mwaka 2002 wakfu wa Gates pamoja na shirika la Jobs for the Future wakaanza kufadhili shule za namna hiyo nchi nzima. Kufikia mwaka wa masomo 2022 hadi 2023, wanafunzi wapatao milioni 2.5 wa sekondari walisoma angalau kozi moja ya chuo kwa usajili sambamba. Katika vyuo vya jamii, takriban mwanafunzi mmoja kati ya watano sasa ni wa sekondari.

Je, inasaidia? Swali hili lina mtego, kwa kuwa wanafunzi wanaochukua kozi za chuo mapema mara nyingi ni walewale ambao wangefaulu hata wasingezichukua, na ukiwalinganisha na wengine utapata sifa ya mpango ambayo kwa kweli ni sifa ya wazazi wao. Bahati nzuri baadhi ya shule za Early College zilipata waombaji wengi kuliko nafasi, zikapiga kura, na kura hiyo ikawapa watafiti makundi mawili yaliyotofautiana kwa bahati tu. Watafiti wa American Institutes for Research waliwafuata vijana hao kwa miaka. Katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2019, miaka sita baada ya muda wa kuhitimu sekondari, takriban asilimia 84 ya waliopata nafasi walikuwa wamejiunga na chuo, dhidi ya 77 ya waliokosa, na asilimia 45 walikuwa na shahada ya aina yoyote dhidi ya 34. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi katika shahada za miaka miwili, jambo lisiloshangaza, kwa kuwa ndizo shule zenyewe zilizozilenga. Ikumbukwe hata hivyo kwamba hayo ni matokeo ya shule kamili zenye washauri na mpangilio. Hayamhusu moja kwa moja kijana aliyechukua kozi mbili kwa intaneti kwa sababu rafiki yake alizichukua. Watangazaji wa mipango hutumia namba za wa kwanza kumuuzia wa pili, na hilo kwangu ni kosa kubwa.

Upande wa fedha hauna kanuni moja. Florida huwasamehe karo na ada wanafunzi wa usajili sambamba wa shule za umma. Washington haiwatozi karo wa Running Start, lakini vitabu, nauli na baadhi ya ada hubaki mabegani mwa familia. Na yako maeneo ambako familia hulipa yenyewe, kwa punguzo au bila punguzo. Msaada wa serikali kuu haumfikii kijana huyu, kwa kuwa ruzuku ya Pell, ile ya wanafunzi wa chuo wenye kipato kidogo, kwa kawaida haitolewi kwa mtu ambaye bado yuko sekondari. Mwaka 2016 wizara ya elimu ilifanya jaribio la kuifungua kwa vyuo 44, nalo lilibaki jaribio.

Fedha ina pembe nyingine isiyoonekana mapema. Ili mwanafunzi aendelee kupata msaada wa serikali, chuo hutazama kama anapiga hatua inayoridhisha: kwa kawaida awe na wastani wa C na awe amemaliza takriban asilimia 67 ya krediti alizojaribu. Kozi alizozifeli au kujiondoa akiwa na miaka 16 zinaweza kuingizwa katika hesabu hiyo. Kijana aliyejaribu kozi tatu za chuo darasa la 11, akajiondoa kwenye mbili baada ya siku ya mwisho ya kufuta usajili, anaweza kufika chuoni miaka miwili baadaye akakuta yuko kwenye onyo kabla hajahudhuria somo la kwanza. Alama ya chuo ni ya kudumu. Haifutwi kwa kuwa mwenyewe alikuwa mtoto.

Wazazi nao hupata mshtuko wao, na huu nimeona ndio unaowachoma zaidi. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1974 kuhusu faragha ya kumbukumbu za elimu huwapa wazazi haki ya kuona kumbukumbu za mtoto shuleni, lakini haki hiyo humhamia mwanafunzi mara tu anapotimiza miaka 18 au anapojiunga na chuo, katika umri wowote ule. Kwa maana hiyo mama anaweza kuona alama za Kiingereza cha shuleni za binti yake wa miaka 15, kisha akapiga simu chuoni kuuliza alama ya biolojia ya binti huyohuyo akaambiwa, kwa upole, kwamba hawawezi kumjibu. Njia za kupita zipo: chuo kinaruhusiwa, ingawa hakilazimiki, kumweleza mzazi ikiwa mtoto ni tegemezi wake katika kodi, mwanafunzi mwenyewe anaweza kutia saini ya ridhaa, na chuo kinaweza kuipa sekondari taarifa, na mzazi akaziona huko. Mshauri mwenye uzoefu huzieleza njia hizi katika kikao cha kwanza, kabla hakuna mtu aliyekasirika.

Mwenye ulemavu au tatizo la kujifunza hukutana na ukuta unaofanana na huo. Mpango maalumu aliotengenezewa shuleni, ambao shule inalazimika kuutekeleza na hata kubadilisha mtaala kwa ajili yake, hauifungi ofisi ya chuo. Huko hulindwa na sheria nyingine, zinazodai chuo kimwekee mazingira ya usawa, kwa mfano muda wa ziada wa mtihani, lakini bila kupunguza kiini cha kozi, na ni juu yake kwenda kujitambulisha, kuleta ushahidi na kuomba. Kijana ambaye kwa miaka kumi watu wazima wamemsemea katika vikao sasa anatakiwa ajisemee mwenyewe, na mara nyingi hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo.

Turudi kwenye ile meza ya mwanzo, kwenye uhamishaji wa krediti. Majimbo kadhaa yamejaribu kulikata fundo hili. Florida hutumia namba za kozi zinazofanana katika vyuo vyote vya umma, hivyo kozi yenye namba fulani inapokelewa kama ile yenye namba hiyohiyo kwingine; Texas ina kiini cha krediti 42 ambacho aliyekikamilisha katika chuo kimoja cha umma hukubaliwa nacho kizima katika kingine. Nje ya mipaka ya jimbo, na hasa kwenye vyuo vikuu binafsi vinavyochagua sana, kinga hizo huisha. Baadhi ya vyuo hivyo hukataa kozi yoyote iliyotumika pia kutimiza masharti ya cheti cha sekondari, na baadhi hukataa iliyofundishwa ndani ya jengo la sekondari hata kama mhadhiri alikuwa na sifa zote. Tena ziko fani ambazo chuo hukubali krediti lakini mwanafunzi mwenyewe hufanya vibaya kuitumia: aliyesoma kemia ya kwanza kwa haraka akiwa darasa la 11 na kurukia ya pili katika chuo kikuu kikubwa huweza kujuta, na mshauri mwema humwambia hivyo hata kama ni kupoteza krediti 4.

Kazi ya mwalimu huyu wa katikati, ukiitazama kwa karibu, ni ya kalenda na penseli. Huweka mezani kalenda mbili, ya shule na ya chuo, na kuzioanisha wiki kwa wiki: likizo ya majira ya kuchipua ya chuo iko Machi mwanzoni, ya shule iko Aprili, kwa hiyo wiki ambayo shule imefungwa na basi la wanafunzi halitembei ndiyo wiki ya mtihani wa katikati ya muhula chuoni. Nani atampeleka? Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, na mara nyingi kinachomponyoka mwanafunzi huyu hakina uhusiano na akili yake. Ni usafiri, ni kazi ya jioni, ni mdogo wake wa kuchukuliwa shuleni saa tisa alasiri. Ndiyo maana wanafunzi weusi, wa asili ya Amerika ya Kilatini na wa familia zenye kipato kidogo wamebaki nyuma katika usajili sambamba hata pale ambapo sheria haimzuii mtu. Sheria huandika kwamba mlango uko wazi, bila kuandika kwamba mlango uko maili 12 kutoka shuleni.

Baada ya kalenda huja mpangilio wa kozi, na hapa walimu wazuri hutofautiana. Wengine huanza na kozi ya stadi za kusoma chuoni, yenye krediti 1, ili kuanguka kwa kwanza kusiwe kuzito. Mimi naona ni bora kuanza na kozi moja halisi, ya krediti 3, iliyo katika fani anayoipenda mwanafunzi na inayohamishika, kwa kuwa kijana huvumilia ugumu wa kitu alichokitaka. Yule wa uhandisi angeshauriwa achukue insha ya chuo, kisha hisabati ya maandalizi shuleni, na krediti zake za mwaka wa mwisho aziweke kwenye kalkulasi. Anayetaka uuguzi angeelekezwa kwenye takwimu na saikolojia, na angeonywa kwamba programu nyingi za uuguzi hazipokei kozi ya anatomia iliyopitwa na muda zinaouweka zenyewe. Asiyejua anachotaka, nao ni wengi na hawana kosa, angepewa insha, somo la sayansi ya jamii na historia, kozi ambazo karibu kila shahada ina pengo la kuzipokea.

Halafu kuna kazi ya karatasi mwishoni, ambayo huachwa kwa mwanafunzi kwa kudhani ni ndogo. Kozi ya usajili sambamba huonekana katika hati ya sekondari, na kijana akituma hati hiyo kwa chuo kikuu kipya huamini kwamba amekwisha kumaliza. Hajamaliza. Chuo kikuu hakitoi krediti kwa kuona hati ya sekondari. Kinataka hati rasmi kutoka katika kila chuo ambacho mwanafunzi aliwahi kusajiliwa, hata kama alisoma kozi moja tu, hata kama aliifeli. Ombi hilo hufanywa na mwanafunzi mwenyewe kupitia ofisi ya usajili ya chuo cha zamani, mara nyingi kwa ada, kwa kutumia namba ya mwanafunzi aliyopewa akiwa darasa la 11 na barua pepe ya chuo ambayo nywila yake haikumbuki. Mwezi Juni, kabla shule hazijafungwa na washauri hawajatawanyika, mwalimu anayeijua kazi yake huwaketisha wahitimu wake mbele ya kompyuta, akawasomea hatua moja baada ya nyingine, na hamruhusu mtu kutoka chumbani mpaka ameona ujumbe wa kuthibitisha kwamba hati imetumwa.